Raundi ya Kwanza, Mdakaji

Ziwa limeganda hadi jicho linapochoka.
Huku Duluth Februari haina aibu,
inaingia hata bila kubisha.
Wamekuja hivyo hivyo, wanaume saba,
wamepanga viatu vyenye theluji mlangoni pangu
na kushuka ghorofa ya chini kama kila mwaka.
Kiti cha Reino kilikuwa wazi.
Nikakikalia.

Hakuna aliyesema neno. Dwight alinisogezea bakuli la njugu,
Ole akafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Miaka ishirini na sita niliusikia mchezo huu kupitia sakafu:
dadu tatu zikigonga mbao, kimya,
kisha mtu mzima akipiga kelele kama aliyeungua ulimi.
Aliyeshinda nilimjua kwa hatua za Reino
akipanda ngazi.

Daftari lake liko mapajani mwangu.
Mwandiko wa penseli, herufi zimelala upande:
*Wapigaji kwanza. Warushaji wa pili.
Mdakaji ni chumvi, duka lolote utaipata.*
Amepiga mstari chini ya *chumvi*, mara mbili.

Mwaka huu wadakaji ni kumi na wanne.
Nimewatandaza usiku kucha juu ya meza ya jikoni
kama mtu anayechambua mchele.
Castellaw ana gongo zito, lakini mkono wake ni mkate uliolowa;
wezi wa vituo humwendea kwa furaha, kama wanaokwenda mnadani.
Dufresne ni mzuri, ila kachakaa,
kadi yake inakubali michezo sitini, basi, ikalale.
Halafu Tibbets Oyler.
Akipiga utadhani anafukuza nzi.
Lakini mkono: hasi tano.
Katika mchezo huu, kadiri unavyozama chini ya sifuri
ndivyo ulivyo bora. Jambo hilo
mtu wa hapa halihitaji kuelezwa.

Zamu yangu ilikuwa ya tatu.
"Oyler," nikasema.

Boila ikakohoa.
"Arlys," akasema Dwight, kwa upole wa msibani,
"hii ni raundi ya kwanza."
"Kuhesabu najua."
Ole akaandika. Mtu akacheka puani.

Ningewaambia nini? Kwamba timu ya kiwanda cha karatasi
ilikuwa na mdakaji, misimu tisa,
na hakuna aliyemchapia kadi?
Kwamba usiku nilimkanda magoti kwa dawa ya farasi,
yamevimba kama mikate ya Jumapili,
naye akinisimulia mipira ya mrushaji,
ilivyopinda, ilivyozama, ilivyoimba,
neno lake mwenyewe hata moja hamna?
Aliyechuchumaa ndiye pekee
anayeutazama uwanja mzima usoni.
Wengine wote wanamtazama yeye, na hawamwoni.

Kisha mtu huyohuyo akashika penseli akaandika *chumvi*.
Sijui. Huenda alijicheka.
Huenda aliamini.
Nimelala kando yake miaka yote hiyo na bado sijui.

Kufika raundi ya kumi na moja walianza kugombania.
Dufresne akaenda. Wale wa katikati wakaenda, mmoja mmoja.
Dwight, aliyekuwa akisubiri, akisubiri,
akainua Castellaw kwa ncha za vidole.
Mchagua nazi hupata koroma.
Sikulisema. Nilitafuna njugu.

Msinipongeze. Kituo cha pili sina mtu wa maana,
wapigaji wangu ni wa kuokoteza,
na Ole amekwisha nitabiria mkiani.
Inawezekana.
Lakini atakayejaribu kuiba kituo mbele yangu
na aage kwao.

Saa sita walivaa viatu vyao, wakaenda.
Nikazima taa, nikapanda, mkono ukutani,
magoti yangu sasa nayo yakilia
ngazi kwa ngazi.
Nilisimama katikati nikasikiliza
hatua hizo ni za aliyeshinda
au za nani.